Mota ya treni ndogo iliyoganda: vidole kwanza, umeme mwisho

Kichwa cha treni ndogo ya umeme kilichokaa kabatini miaka mingi hakiwekewi umeme siku kinapotolewa. Vingi hufia hapo. Kilikuwa kizima ndani ya boksi lake, mafuta tu yamekauka. Mwenyewe akafurahi, akakiweka relini, akafungulia volti 12, kikakaa kimya. Akaongeza. Akakisukuma kwa kidole. Haikupita dakika ikatoka harufu ya vanishi inayoungua, na harufu hiyo ikishatoka, kazi ya oili na pamba imegeuka kazi ya kusaka mota nchi za watu.

Haya yametokana na kukifufua kichwa cha Hornby, kampuni ya Uingereza ya treni za mfano, chenye mota ya X04, ile ya wazi isiyo na kasha, iliyofungwa kwenye treni nyingi za Tri-ang na baadaye Hornby kuanzia miaka ya 1950. Kilikuwa kimelala stoo moja Upanga, hakijaguswa kwa miongo. Nakifuata hatua kwa hatua kwa sababu ugonjwa wake ndio wa vichwa karibu vyote vinavyotolewa makabatini hapa Dar es Salaam, viwe viliachwa na wazazi waliosoma Ulaya au viliokotwa kwenye mitumba ya midoli.

Chanzo kikuu ni mafuta. Oili iliyotiwa kwenye bushi, vile vijitundu vinavyoishikilia shafti, hupoteza sehemu yake nyepesi, inayobaki inakutana na hewa miaka nenda rudi, mwisho inakuwa utando wa kahawia kama ule unaoganda pembeni ya kikaango cha chapati. Utando huo unaishika shafti kama gundi. Cha pili, na hapa pwani ni kikubwa kuliko wanavyodhani watu wa nchi za baridi, ni kutu. Amecha, sehemu ya mota inayozunguka na yenye koili, imetengenezwa kwa bati nyembamba za chuma zilizopangwa pamoja, na nafasi kati yake na midomo ya sumaku haifiki hata unene wa kucha. Hewa ya Dar ina unyevu mwaka mzima, tena ina chumvi. Ganda dogo la kutu likijikunja pale katikati, mota haizunguki tena. Halafu kuna grisi ya gia iliyogeuka nta, na nywele au nyuzi za zulia zilizojizungusha kwenye ekseli za magurudumu.

Kabla ya bisbisi, jua unacho kichwa cha namna gani. Treni za reli mbili za Hornby, Lima na wengi wengine hutumia umeme wa moja kwa moja, DC, usiozidi volti 12. Treni za zamani za Märklin za Ujerumani, zenye njia ya umeme katikati ya reli, hutumia umeme wa kubadilikabadilika, AC, wa hadi volti 16, na hubadili mwelekeo kwa mshtuko wa volti 24. Ukichanganya hizi mbili utaua kitu. Transfoma iliyokuja na treni nayo itazame vizuri. Ya Uingereza inaendana na umeme wetu wa volti 230, hata plagi ni ileile ya pini tatu za bapa. Ya Marekani ni ya volti 120, ukiichomeka ukutani hapa inaungua. Na hata kama volti zinalingana, waya wake ukiwa na mpira uliopasukapasuka usiichomeke kabisa. Kwa kazi hii haihitajiki. Pawa saplai ya fundi simu inafaa kuliko transfoma yoyote ya zamani, kwa kuwa inaonyesha volti na ampia kwa pamoja. Nyingi hufika volti 15 na ampia moja au mbili.

Sasa jambo linalowapoteza wengi: kuna mota zinazoonekana zimeganda na hazijaganda.

X04 na mota nyingi za namna yake huzungusha magurudumu kupitia gia ya skrubu, yaani skrubu ya shaba kwenye shafti inayoisukuma gia ya meno iliyo kwenye ekseli. Gia ya namna hii huenda upande mmoja tu. Mota inaweza kuzungusha gurudumu, gurudumu haliwezi kuzungusha mota, hata kichwa kikiwa kipya kutoka kiwandani. Mtu anashika gurudumu, anajaribu kulizungusha, halisogei, anasema mota imejam. Anaongeza nguvu. Kinachotokea ni gurudumu kuteleza juu ya ekseli yake, na hilo ni balaa lake peke yake. Kwenye treni za mvuke za mfano, magurudumu ya kushoto na ya kulia hupachikwa yakiwa yamepishana robo mzunguko, nyuzi 90, ili fimbo za kuunganisha zisikwame zote kwa wakati mmoja. Gurudumu moja likiteleza hata kidogo, fimbo zinabana kila mzunguko, na sasa umeongeza ugonjwa ambao haukuwepo. Usizungushe magurudumu kwa nguvu. Kamwe. Mota za bapa zenye gia za kawaida, kama Ringfield, ndizo tu ambazo magurudumu yake huzunguka kwa mkono, tena kwa upole.

La pili: transfoma nyingi za zamani zina matundu ya DC ya treni na matundu mengine ya AC, volti 15 au 16, kwa ajili ya taa na swichi za njia. Ukiunganisha reli kwenye matundu ya AC, mota ya DC yenye sumaku ya kudumu hunguruma na kutetemeka bila kuzunguka, huku ikipata moto. Haijaganda. Inasukumwa mbele na nyuma mara 50 kwa sekunde.

Kichwa cha Upanga hakikuwa na hayo. Bodi, yaani gamba la nje, ilipotolewa, skrubu ya gia ilishikwa kwa vidole viwili moja kwa moja kwenye shafti ya mota, na haikusogea hata unywele. Huo ndio mgando wenyewe.

Hatua inayofuata ni kuitenganisha mota na magurudumu. Kwenye X04 ni skrubu moja nyuma ya fremu. Ikitoka, mota inainuka, skrubu ya gia inaachana na meno, na unabaki na vitu viwili vya kupima kila kimoja kwa wakati wake. Piga picha kwa simu kila hatua, hasa waya na springi ya kaboni, vile vipande viwili vinavyopeleka umeme kwenye amecha. Kisha sukuma chasi peke yake juu ya meza. Yetu iliteleza bila kukwama, kwa hiyo lawama yote ikabaki kwenye mota. Chasi ingegoma, ningetafuta nywele kwenye ekseli, grisi iliyokauka kwenye meno, au gia ya plastiki iliyopasuka. Baadhi ya vichwa vya miaka ya 1970 na 1980 vina gia au viungo vya plastiki vilivyobanwa juu ya ekseli ya chuma, na plastiki hiyo husinyaa na kupasuka. Dalili yake ni kukwama mahali palepale kila mzunguko. Hiyo haina gundi itakayodumu, tafuta gia nyingine.

Mota ikiwa mkononi, kishawishi kikubwa ni kuipulizia WD-40, maana iko kila duka la spea. Sishauri. Inalegeza kweli, lakini inasambaa kila mahali, inaingia kwenye komyuteta (vipande vya shaba kwenye shafti vinavyopokea umeme wa kaboni) na kwenye kaboni zenyewe, inabeba uchafu, na ikikauka inaacha utando mwingine. Petroli na thina ni mbaya zaidi kwa sababu zinayeyusha plastiki na rangi ya bodi, na mvuke wake unashika moto. Mafuta ya taa yanafaa kuoshea gia za chuma zilizotolewa nje, si mota nzima.

Kilichofanya kazi ni vitu viwili vya bei ndogo: oili ya cherehani na alikoholi ya isopropili, ile mafundi simu wanayoiita IPA na kusafishia bodi za simu. Kariakoo unaipata kwa wauzaji wa vifaa vya ufundi simu, pamoja na bisbisi ndogo, kibano na lenzi. Anza na oili. Isimamishe mota shafti ikiwa wima, weka tone moja kwenye bushi ya juu kwa ncha ya sindano, iache usiku kucha. Igeuze, fanya upande wa pili. Oili mpya hulainisha ile ya zamani polepole, na upole huo ndio unaotakiwa.

Kisha vidole. Funga kipande cha glovu ya mpira kwenye skrubu ya gia ili upate mshiko, halafu usijaribu kuzungusha. Tikisa tu, kulia kushoto, ukitafuta mchezo mdogo, yaani kulegea kidogo. Ukiupata, hata wa unene wa karatasi, umeshinda. Mchezo huo unakua. Ongeza tone, tikisa tena. Usishike amecha kwa plaizi na usisukume koili kwa bisbisi, maana waya wake ni mwembamba kuliko uzi wa kushonea, na ukikatika ndani hutauona. Kama oili pekee haitoshi, tone la IPA kwenye bushi, dakika kumi, kisha oili tena. Usiizamishe mota nzima kwenye alikoholi, kwani vanishi ya koili za zamani inaweza kulainika. Joto la drayer ya nywele kwa umbali wa shibri husaidia. Juani usiiweke, jua letu la mchana linapinda plastiki.

Shafti ikianza kuzunguka mzunguko mzima, sikiliza kwa vidole. Mota ya nguzo tatu yenye afya ina vituo laini sita kwa kila mzunguko, vimepishana sawasawa: ni sumaku inavuta nguzo za amecha. Hivyo si kukwama. Ukihisi mkwaruzo mmoja mahali pamoja tu, ni ganda la kutu au kichembe cha chuma kilichonaswa na sumaku. Kwenye kichwa chetu kilikuwepo. Kilitolewa kwa selotepu iliyokunjwa kwenye kijiti cha meno, ikapitishwa taratibu kwenye nafasi kati ya amecha na mdomo wa sumaku. Kwa sababu hiyohiyo, wavu wa chuma wa kusugulia sufuria usikaribie meza hii. Vumbi lake likidakwa na sumaku halitoki kirahisi.

Kuna atakayetaka kuifungua X04 hadi kutoa sumaku. Usifanye hivyo bila sababu. Sumaku za zamani za aina hii hupoteza nguvu zikitolewa kwenye fremu yake bila kipande cha chuma kinachounganisha ncha zake mbili, na nguvu hiyo hairudi kwa kuirudisha ndani. Mota yenye sumaku dhaifu inadanganya: bila mzigo inazunguka kasi kuliko kawaida, ukiifunga mabehewa inachoka, inakula ampia nyingi na inachemka.

Kabla ya umeme kuna kipimo cha mita ya fundi umeme (maltimita), na hiki ndicho kinachosema kama kuna haja ya kuendelea. Toa kaboni zote mbili. Weka mita kwenye omu, gusisha ncha zake zenyewe kwanza ili ujue kiasi cha kutoa. Komyuteta ina vipande vitatu vya shaba. Pima kila jozi. Jozi zote tatu zinatakiwa kusoma sawa au karibu sana. Tuseme mota isiyo na dosari inasoma omu 8 kila jozi. Koili moja ikiwa imekatika, utaona 12, 12 na 24. Koili moja ikiwa imeungua na kugusana yenyewe kwa yenyewe, jozi moja inasoma karibu na sufuri na mbili zilizobaki 6 na 6. Kisha pima kila kipande cha komyuteta dhidi ya shafti: mita isisome chochote. Ikisoma, koili imegusa chuma. Amecha yenye dosari yoyote kati ya hizi ni ya kusukwa upya au kubadilishwa. Mafundi wa kusuka mota tunao, ila wengi wanasuka za pampu na feni, na waya wa saizi hii si kila mmoja anao wala ana subira nao. Ulizia kabla hujamkabidhi.

Jozi tatu za kichwa hiki zilisoma sawa. Nakiri moyo ulitulia hapo, kwa sababu yaliyobaki yote yana dawa.

Komyuteta ilikuwa nyeusi yenye madoa ya kijani. Pamba ya masikio yenye IPA ilitoa mengi. Mianya mitatu kati ya vipande vya shaba husafishwa kwa kijiti cha meno, si chuma. Vumbi la kaboni likijaa humo linaunganisha vipande na kula umeme bure. Doa lililogoma lilisuguliwa kwa msasa laini kabisa, namba 2000, kipande chembamba kikizungushwa kufuata mviringo, halafu IPA tena. Msasa wa mbao unaacha mikwaruzo inayosaga kaboni kama tupa.

Kaboni za treni hizi huzipati Dar. Kuagiza kunawezekana, Uingereza bado kuna wauzaji wa spea za X04, lakini nauli ya kifurushi inaweza kuizidi bei ya kaboni zenyewe mara kadhaa. Kwa hiyo agiza mara moja vitu vyote: kaboni, springi na vijibomba vya kuhami. Njia ya hapa ni kuchonga kaboni za mashine ndogo ya kutobolea au blenda, zinazouzwa Kariakoo na Gerezani. Zisugue juu ya msasa uliolazwa kwenye kioo hadi zifikie vipimo vya zile za zamani. Usichukue za stata ya gari. Zina shaba nyingi ndani yake na zitaila komyuteta. Kaboni mpya ikipigwa umbo, upande unaogusa komyuteta uwe na mviringo kidogo.

Kurudisha springi kuna mtego. Springi ya X04 ni moja yenye miguu miwili, kila mguu unabana kaboni yake, na mguu mmoja tu umevishwa kijibomba cha kuhami. Kaboni moja imeunganishwa na fremu, nyingine haitakiwi kuigusa. Kijibomba kikidondoka au kikivishwa mguu usio wake, umeme unapita kwenye springi badala ya koili: mota haizunguki, springi inapata moto, inalegea na haibani tena. Kipande kidogo cha ganda la waya mwembamba wa redio kinafaa kama cha asili kimepotea.

Halafu mafuta mapya. Tone moja la oili ya cherehani kila bushi, na kwenye vipande vya sufi vilivyo kando ya bushi kama mota inavyo, kwani hivyo ndivyo vinavyotunza akiba. Komyuteta haitiwi mafuta. Gia inapakwa grisi nyeupe ya lithiamu, kiasi cha punje ya mchele igawanywe meno yote. Vaselini isitumike: joto la hapa linailainisha, inatiririka hadi kwenye kaboni.

Sasa ndiyo umeme, nao uwe na mlinzi. Kama huna pawa saplai, betri ya bodaboda ya volti 12 inafaa, lakini haiunganishwi moja kwa moja, kwani kukiwa na shoti inatoa ampia za kuyeyusha waya. Weka taa ya indiketa ya bodaboda, volti 12 wati 10, kwenye waya mmoja, umeme upite kwenye taa ndipo ufike kwenye mota. Iwe ya waya wa kuwaka ndani, si ya LED. Taa hiyo hairuhusu zaidi ya ampia 0.8 hivi, na inakupa majibu. Isipowaka kabisa, njia imekatika: kaboni hazigusi au waya umeachia. Ikiwaka kwa nguvu zote, kuna shoti. Angalia kijibomba cha springi, kisha kapasita ndogo ambayo vichwa vingi vya Uingereza vilifungiwa ili visiharibu mawimbi ya redio na televisheni. Ikatishe kwa muda, upime tena. Ikiwaka wastani na mota haisogei, bado imekwama. Zima ndani ya sekunde mbili. Ikiwaka kisha ikafifia kadiri mota inavyoshika kasi, hiyo ndiyo unayoitaka.

Yetu ilifanya hivyo baada ya kuisukuma kidogo kwa kidole. Ilizunguka kwa kelele na cheche nyingi za bluu kwenye kaboni. Cheche za mwanzo ni kawaida kaboni zikitafuta mkao wake, mradi zipungue. Izungushe bila mzigo kwa volti 6 hivi, nusu saa upande mmoja, nusu saa kwa kubadili waya upande wa pili, ukiigusa kila mara. Joto la vuguvugu halina neno. Usipoweza kuacha kidole juu yake, zima. Mota ya aina hii ikiwa nzima hula takriban theluthi hadi nusu ya ampia bila mzigo. Ikikaribia ampia moja huku inazunguka bure, rudi kwenye bushi, mianya ya komyuteta, au kubali kuwa sumaku imechoka.

Ikirudishwa kwenye chasi, skrubu ya gia isikandamize meno. Acha mchezo mdogo unaosikika kwa kidole. Kama imebana, kipande cha karatasi chini ya mguu wa mota kinatosha kuinua.

Kuna kimoja kisicho na dawa. Vichwa vingine vya zamani vina chasi ya aloi ya zinki iliyochafuliwa na risasi wakati wa kuyeyushwa. Chuma hicho huvimba, hupasuka na kubomoka chenyewe, na kinapovimba kinabana ekseli na mota. Ukiona nyufa za utando wa buibui au kona zinazovunjika kama biskuti, usipoteze oili. Toa mota, magurudumu na gia, vitunze kama spea za kichwa kingine.

Kuhifadhi hapa Dar kuna sheria zake. Sponji ya boksi la zamani itupwe, kwani inaoza, inanata na kula rangi. Funga kichwa kwa karatasi laini isiyo na wino, kwenye kontena la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na vipakiti vya silika vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Vipakiti hivyo vikishiba unyevu havifanyi kazi, kwa hiyo vibadilishe kabla ya masika. Kila baada ya miezi miwili au mitatu kitoe, kizungushe kwa vidole kwanza, kisha dakika tano mbele na tano nyuma kwa volti ndogo. Tone la oili ni mara moja kwa mwaka, baada ya kufuta lile la zamani.